Mtori Wangu Ulipata B Plasi

Moshi ina majira yake, na kila aliyeishi hapa anayajua. Kuna masika. Kuna ile baridi ya Juni na Julai ambayo mlima haujionyeshi hata kwa mtalii aliyekwisha kulipa dola zake. Kuna joto la Januari, na kuna Desemba, pale magari ya Dar es Salaam yanapojaa hadi kwenye vichochoro vya Marangu. Nyumbani kwetu Rau kuna majira mengine ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa haijawahi kuyatabiri: usahihishaji.

Majira haya huja mwisho wa kila semista. Mume wangu anaingia na viroba vya buklet za mitihani, anaviburura hadi mezani, na kuanzia saa hiyo meza ya chakula haina habari tena na chakula. Tunakula tumeshika sahani mapajani. Mtoto akitaka kufanyia hesabu zake mezani anafukuzwa. Paka akikatiza juu ya swali la nne anaitwa jina ambalo mhariri hatalipitisha. Mimi niliyeinunua meza hiyo kwa fedha yangu ya mchezo, kwa fundi wa Majengo, mninga mtupu, sina hata pembe ya kuweka kikombe.

Mume wangu ni mhadhiri. Wa chuo gani? Sisemi, maana mkopo wa gari letu unakatwa kwenye mshahara wake. Kisia mwenyewe, Moshi haina upungufu wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kwa kufundisha watu wa vyama vya ushirika na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kuna Mwenge ya Wakatoliki. Kuna KCMC inayotoa madaktari. Ukipanda mlimani unakuta Mweka, ambako tangu mwaka huohuo wa 1963 wanafundisha uhifadhi wa wanyamapori. Huko nahisi mambo ya upimaji ni mepesi zaidi, kwa kuwa mwanafunzi asipoutambua unyayo wa nyati, nyati mwenyewe atamweleza alipokosea.

Mtaani wanamwita Dokta. Ni udaktari wa falsafa, lakini hilo halijamzuia jirani yetu kumletea mtoto mwenye kikohozi saa tano usiku. Mimi wananiita Mwalimu, kwa sababu nafundisha shule ya msingi. Tafadhali likumbuke hilo, nitalidai baadaye.

Sasa tupige hesabu ambayo wakuu wa idara hawapendi kupigiwa. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi mia nne. Kila buklet ukiipa dakika 15, za kusoma tu wala si za kutafakari, unapata saa 100. Hapo ni kozi moja, na Dokta hajawahi kupewa kozi moja. Kwa hiyo anasahihisha asubuhi, anasahihisha kwenye foleni ya benki, anasahihisha usiku huku akinung'unikia miandiko. Nimefanya uchunguzi wangu wa kienyeji kutoka jikoni, na nimeona kwamba buklet zilizosahihishwa kabla ya umeme kukatika zina bahati kuliko zilizosahihishwa kwa tochi ya simu.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1912 huko Marekani mabwana wawili, Starch na Elliott, waliwapelekea walimu zaidi ya 140 karatasi moja ileile ya mtihani wa Kiingereza waisahihishe. Kuna aliyeipa 64 na kuna aliyeipa 98. Karatasi ni moja, mwandiko mmoja, mtoto mmoja. Na sijasikia popote kwamba siku hiyo kulikuwa na mgao wa umeme.

Baada ya saa zote hizo mwanafunzi anapata nini? Anapata herufi. Katika vyuo vyetu vingi utaratibu ni alama 40 za kazi za semista, zile wanazoziita CA, na alama 60 za mtihani wa mwisho, yaani UE. Zinajumlishwa, kisha herufi inaanza safari. Inakwenda idarani, watu wanakaa kikao. Inakwenda kwenye kitivo, watu wanakaa kikao na kunywa chai. Mtahini wa nje anasafiri kutoka chuo kingine kuja kuikagua, analala hoteli. Halafu inapanda Seneti, ambako maprofesa wazima na tai zao wanaijadili na kuipitisha. Kisha inamshukia mwanafunzi kwenye simu yake, akiwa kwenye daladala ya Kibosho amebanwa na kuku: C. Watu wote hao, na hata mmoja hakuandika sentensi.

Na huyo wa C ndiye mwenye heri. Akipata D ni sapu, atarudi kuurudia mtihani wakati wenzake wako likizo. Sapu ikimshinda anakuwa na kari, anaibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata. Mambo yakizidi ni disko, yaani anaondolewa chuoni, na disko hii haina muziki. Wanafunzi wana msamiati mpana sana wa kuanguka. Wa kueleza kwa nini wameanguka hawana, kwa kuwa hawakuambiwa.

Mwaka mmoja alikuja nyumbani kijana wa Rombo. Shati la kanisani, viatu vimepakwa kiwi, mkononi kashika jani la isale. Kwa wageni wa mlima huu, niseme kwamba isale ni jani refu la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba, na Mchagga akikuletea amekuomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu kuikataa. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Dokta, mtu wa Machame aliyelelewa akayajua hayo, alirudi nyuma hatua mbili hadi akagonga kabati la vyombo.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kijana, mambo ya maksi hayazungumzwi nyumbani."

"Sikuja kuomba maksi, Dokta. Nina D. Nimekuja kuomba kujua nilikosea wapi, ili kwenye sapu nisirudie palepale."

Dokta akamweleza kwamba buklet za UE hazirudishwi kwa mwanafunzi, zinafungiwa stoo. Kwamba upo utaratibu wa rufaa. Kwamba rufaa ina ada yake. Kwamba rufaa itaangalia kama alama zilitolewa na kujumlishwa sawasawa, haitamwambia alikosea wapi. Yule kijana akasikiliza yote kwa adabu, akanywa chai yangu, akaondoka na ile D yake. Jani likabaki juu ya friji. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa nilikuwa naona kama mimi ndiye ninayeombwa msamaha.

Ndipo ikaja warsha.

Ilikuwa ya kuwajengea wahadhiri uwezo katika upimaji na mrejesho kwa wanafunzi, kwenye hoteli yenye mandhari ya mlima, mlima ukipenda. Dokta aliipokea barua kwa hasira. "Nimefundisha miaka yote hii, leo mtu aje kunifundisha kusahihisha?" Alilalamika jioni nzima hadi akafika aya ya mwisho ya barua, ile ya posho. Asubuhi aliamka mapema kuliko siku zote, akaniomba nimpigie pasi.

Hapa nitoe dukuduku langu la kitaaluma, maana nimeliweka muda mrefu. Mimi, ili niruhusiwe kumfundisha mtoto wa darasa la pili kwamba saba kujumlisha tano ni kumi na mbili, nilikwenda chuo cha ualimu. Nilisomea saikolojia ya mtoto na upimaji. Nilipelekwa mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa ananitazama bila kupepesa. Hadi leo naandika andalio la somo, na mthibiti ubora wa shule akija anataka kuliona. Mhadhiri je? Kwa miaka mingi kigezo cha kuajiriwa ngazi ya chini kabisa kimekuwa ufaulu wa shahada ya kwanza usiopungua GPA ya 3.8. Yaani alikuwa hodari wa kufanya mitihani, kwa hiyo tunampa kazi ya kutunga mitihani. Kufundisha ataiga kwa profesa wake, ambaye naye aliiga kwa wake, na kadhalika hadi tufike kwa mzungu mmoja mkali aliyekufa zamani.

Kwa hiyo warsha ilikuwa haki yao. Nalalamikia kilichorudi nyumbani.

Alirudi na mkoba, kalamu mbili, kabrasha, fulana na maneno mapya. Hakusema tena "sahihisha", alisema "pima". Hakusema "wamefeli", alisema "matokeo ya kujifunza hayajafikiwa". Kila kitu sasa kilikuwa na rubriki, ambayo nilipoitazama niliona ni jedwali la vigezo, kulia alama, kushoto maelezo. Sikumjali. Nikaenda jikoni nikapika mtori.

Niseme jambo kuhusu mtori wangu. Ndizi ni mchare, zimetoka Uru, si zile zilizolala sokoni. Nyama ni ya kidari. Nimefundishwa na bibi yangu, na kuna watu wazima wametoka Arusha kwa ajili yake. Dokta alionja kijiko kimoja, cha pili, akakiweka chini na kujifuta mdomo.

"Kwanza nikupongeze kwa juhudi," akasema.

Nikajua kuna jambo.

"Ndizi zimeiva vizuri na uwasilishaji ni safi. Hata hivyo, uwiano wa nyama na ndizi haujakaa sawa, na chakula kimechelewa kuwasilishwa. Kwa ujumla ni kazi inayoonyesha uwezo mkubwa." Akatabasamu. "B plasi."

Watoto walinyamaza. Hata paka.

"Dokta," nikasema, "nifanye nini ili ipate A?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa dhati, nilimwona anatafuta.

"Ongeza kina."

"Kina cha sufuria?"

"Kina tu, kwa ujumla."

Nikachukua lile kabrasha la warsha nikaenda nalo chumbani, maana kama naletewa vita nyumbani ni lazima niijue silaha. Nikalisoma lote. Ndani mlikuwa na mtu anaitwa Sadler, wa Australia, aliyeandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake mpaka ajue mambo matatu: kazi nzuri ikoje, yake iko wapi, na afanye nini kuliziba hilo pengo. Mlikuwa na Hattie na mwenzake Timperley, ambao mwaka 2007 walisema karibu hayohayo kwa maneno yao. Nikatoka nimelishika nikamwonyesha Dokta palipopigwa mstari kwa kalamu yake mwenyewe. Mtori wangu umeambiwa uko wapi, nikamwambia. Wa A ukoje hujasema, na pengo nalizibaje hujui. Akasema hiyo sehemu ilikuwa ya siku ya tatu mchana, na mchana ule walikuwa wanasaini posho.

Kuna jambo jingine humo lililonifurahisha zaidi. Mwaka 1988 mtafiti anayeitwa Ruth Butler aliwajaribu wanafunzi wa Israeli. Wengine walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine maelezo tu, wengine vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maelezo tu. Waliopewa vyote viwili walikuwa sawa na waliopewa alama peke yake, kwa sababu mtoto akishaiona alama hasomi tena kitu kingine. Mimi hili ningewaambia bure. Mpe mtoto wa darasa la tano daftari lenye nne ya kumi na maelezo mazuri ya nusu ukurasa, uone kama hatalifunga kabla hujamaliza kumkabidhi. Na hata mimi, baada ya B plasi, zile pongezi za ndizi sikuzisikia.

Julai ikafika na viroba vyake. Mara hii Dokta alikuwa mtu mpya. Hakuweka tiki na namba, aliandika. Pembeni mwa kila ukurasa wa UE aliandika aya nzima kwa wino mwekundu: hapa hoja yako ni nzuri lakini umeacha mfano, hapa umechanganya sababu na matokeo, soma tena mada ya tatu. Dakika 15 zikawa 30. Akakonda. Kalamu zikaisha, nikatumwa dukani kwa Mangi kununua nyingine. Nilikuwa nampita na chai namwona anapinda mgongo juu ya buklet, na nakiri moyo ulianza kulainika. Nikasoma moja juu ya bega lake. Maelezo yalikuwa mazuri kweli, ya mwalimu hasa.

"Dokta, hizi zinakwenda wapi ukimaliza?"

"Stoo."

"Mwanafunzi anazisoma lini?"

Kalamu ilisimama hewani. Alinitazama, akazitazama buklet, akatazama juu ya friji ambako lile jani lilikuwa limekwisha kauka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea Seneti, kwamba mtahini wa nje atayasoma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba.

Baba alilima kahawa Kibosho maisha yake yote, na maisha yake yote alikunywa chai. Huu ni mlima uliojua kujipanga. Wakulima waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, wapate kuuza kahawa yao kwa pamoja na kwa bei ya maana. Baba aliichuma, aliimenya kwa mashine ya mkono, akaichachusha, akaiosha, akaianika kwenye vichanja na kuipeleka chama cha msingi. Katibu aliipima na kumpa malipo ya kwanza. Kahawa ikateremka mjini. Huko ilikobolewa, ikapangwa kwa ukubwa wa punje, AA, A, B na nyinginezo, kisha ikafika kwa waonjaji. Hawa ni watu wa ajabu. Wanavuta kahawa kijikoni kwa mluzi, wanaizungusha mdomoni, wanaitema, na kwa ulimi peke yake wanaweza kukuambia kilichotokea shambani. Uchachu huu, ilichachushwa kupita kiasi. Ladha hii ya majani, zilichumwa mbichi. Hii ya udongo, ilianikwa chini.

Kila alichohitaji baba kukijua kilikuwa kwenye ulimi wa mtu mmoja hapo mjini, kilomita chache kutoka kwenye kichanja chake. Kikatemwa. Kilichopanda mlimani, miezi mingi baadaye, kilikuwa malipo ya pili, mwaka mmoja mengi, mwaka mwingine kidogo. Baba aliamini ni mvua. Akaendelea kuchachusha vilevile.

Nilimweleza Dokta hayo yote nikiwa nimesimama na birika mkononi. Alisema mfano wangu una kina.

Mungu naye hakumwacha. Wiki hiyohiyo ilifika bahasha ya kitengo cha uhakiki ubora. Siku hizi wanafunzi nao huwapima wahadhiri mwisho wa semista kwa fomu, na Dokta alikuwa amepata 3.7 kati ya 5. Chini palikuwa na maoni. Mmoja aliandika kwamba mhadhiri ni mzuri ila aboreshe. Mwingine aliandika kwamba feni ya ukumbi haifanyi kazi. Wa tatu alimtakia maisha marefu.

Sijawahi kumwona ana hasira vile. "Tatu nukta saba ya nini? Aboreshe nini? Naongea haraka? Mifano haitoshi? Slaidi hazisomeki? Mtu atarekebishaje kitu asichoambiwa?" Alizunguka meza mara kadhaa akiipepea ile karatasi. Nilimwacha amalize. Nikamwuliza kwa upole kama amejaribu kuongeza kina.

Hatukuzungumza hadi kesho yake.

Lakini Dokta ni mtu wa kusikia, hilo nimpe. Semista iliyofuata aliamua kwamba nguvu zake atazipeleka kwenye CA, kwenye majaribio na kazi za katikati, ambazo mwanafunzi anarudishiwa mkononi huku bado ana muda wa kujirekebisha. Zamani testi ya wiki ya sita ilirudi wiki ya kumi na nne, siku moja kabla ya UE, ikiwa na namba na mviringo. Sasa alitaka irudi ndani ya wiki mbili, yenye maelezo. Nikamkumbusha kwamba mia nne ni mia nne, na maelezo ya dakika kumi kwa kila mmoja yatamzika. Akauliza, basi ninyi huko msingi mnafanyaje?

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu tulipooana.

Sisi huko msingi, Dokta, darasa likiwa na watoto tisini, tunasema: badilishaneni madaftari. Kila mtoto anashika la mwenzake. Mwalimu anaandika majibu ubaoni, anaeleza kwa nini, nao wanasahihisha. Mtoto akiliona kosa kwenye daftari la jirani analitambua haraka kuliko kwenye la kwake, kisha anarudishiwa la kwake akiwa amekwisha jua jibu likoje. Mwalimu anakusanya, anapitia machache, anayaona makosa matatu yanayojirudia, na kesho anaanza somo na hayo matatu. Maelezo mara moja kwa tisini, si mara tisini kwa mmojammoja.

Dokta akafungua kabrasha, akageuza kurasa, akakuta jambo hilohilo lina sura yake nzima na linaitwa tathmini rika. Amelipwa posho ya siku tatu kuambiwa kitu ambacho mkewe hukifanya kila Ijumaa kipindi cha tatu, tena chaki amejinunulia.

Alilijaribu. Wanafunzi walinung'unika kwanza, maana kuna waliodhani ni uvivu wake. Lakini aliwapa mfano wa jibu la A na mfano wa jibu la C, akawaacha wabishane wenyewe tofauti iko wapi kabla hajawapa madaftari ya wenzao. Ubishi ulikuwa wa Kiswahili, japo mtihani ni wa Kiingereza, na nadhani hapo kuna somo ambalo hakuna warsha itakayolithubutu: kwenye korido, kwa Kiswahili, mwanafunzi huelewa kwa dakika tatu kosa alilolibeba semista nzima. Kazi za vikundi bado zinamshinda. Majina kumi kwenye jalada, mwandishi mmoja, na siku hizi hata huyo mmoja ni kompyuta.

Sisemi kwamba Moshi nzima imelala. KCMC walianza zamani kidogo. Mwaka 2010 chuo chao kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani katika mpango mkubwa wa kuimarisha elimu ya udaktari, wakaweka kompyuta na wakaanza kufundisha kwa timu. Kwa njia hiyo mwanafunzi anasoma kabla ya kipindi, anafanya jaribio peke yake, kisha analifanya lilelile na kikundi chake, na majibu yanajadiliwa hapohapo wakati ubishi bado una moto. Mimi hilo nalipenda. Daktari atakayenipasua ningependa awe aliambiwa alikosea wapi mapema, si kwa herufi, na si baada yangu.

Kwa upande wangu matunda ya mageuzi ni haya. Zamani buklet zilikuja mwisho wa semista. Sasa testi zinakuja katikati pia, kwa kuwa ni lazima zirudi ndani ya wiki mbili. Nimepoteza meza mara mbili zaidi kwa ajili ya elimu ya taifa. Nilimwuliza kwa nini asisahihishie ofisini. Ofisini, akasema, wako wanne, viti viwili, na mwenye ufunguo yuko masomoni Ujerumani.

Mwezi uliopita Dokta alimsimulia yule mwezeshaji wa warsha habari za madaftari ya kubadilishana. Mwezeshaji alifurahi mno. Akaniandikia barua ya heshima akinialika kwenye warsha ijayo "kuwasilisha uzoefu kutoka elimu ya msingi" mbele ya wahadhiri, dakika arobaini, saa tatu asubuhi, siku ya shule. Posho haikutajwa. Niliisoma hadi aya ya mwisho, nikaigeuza nyuma, nikaitazama kwenye mwanga.

Basi nami nikajibu kwa barua, ukurasa mmoja na nusu, kwa adabu zote. Niliuliza mambo matatu: kama kuna posho, kama mwalimu mkuu wangu ataandikiwa kuombwa ruhusa, na kama wahadhiri watakuja na madaftari. Niliipeleka kwa mkono nakala mbili. Juzi nakala yangu imerudi. Hakuna jibu la swali la kwanza wala la pili wala la tatu. Kwenye kona ya juu kuna muhuri wa zambarau, tarehe, saini isiyosomeka na neno moja: IMEPOKELEWA.